Maziwa yaliyogoma kuganda

Haya ni yale niliyoongea Jumamosi kuhusu dawa tunazowapa mifugo, kwenye kikao cha wafugaji wa kuku pale Uyole, Mbeya, ukumbi wa kanisa. Wengine mvua iliwazuia, wengine mlifika nimeshamaliza, mkasema daktari tuandikie bana. Basi nimeandika kama nilivyoongea na maswali yenu humohumo, ila utani nimeupunguza kidogo, mwingine haufai kwenye maandishi.

Wazee wangu shikamooni, mama zangu shikamooni, vijana mambo zenu. Wa Tukuyu ugonile, na wale wawili watatu wa Makambako na Iringa niliowaona wamejibanza huko nyuma, kamwene. Kwanza tuwekane sawa, mimi mnaniita daktari ila sio daktari, nina stashahada ya mifugo na nimekaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa za mifugo miaka tisa. Hayo ya kaunta nitayarudia maana ndo yanayonisuta.

Kikao ni cha kuku lakini naanza na maziwa, nivumilieni.

Shemeji yangu yuko kule Tukuyu, ana ng'ombe wawili wa maziwa, na biashara yake ni mtindi. Jioni anachemsha, anaacha yapoe yawe vuguvugu, anatia kikombe cha mtindi wa jana, anafunika ndoo na kanga kuukuu anaiweka karibu na jiko, asubuhi anaamka umeganda anapima anauza. Miaka yote. Sasa siku moja asubuhi anafunua ndoo, maziwa ni majimaji vilevile kama alivyoyaacha. Akasema ni baridi, maana Tukuyu mnaijua. Kesho yake akaweka ndoo karibu zaidi na jiko, wapi. Siku ya tatu akabadilisha ndoo kabisa. Hamna kitu. Nilipofika kuwasalimia nikakuta kikao cha familia, kuna bibi mmoja ameshaanza kusema habari za jicho la jirani.

Nikamuuliza swali moja tu, ng'ombe gani alikuwa anaumwa? Akasema yule mwekundu, kiwele kilivimba upande mmoja, maziwa yakawa yanatoka na mabongemabonge, akaja kijana akamsukumia tyubu ya dawa kwenye chuchu, Jumapili. Na maziwa yake ulikamulia pembeni? Akaniangalia. Hakuna aliyemwambia. Kijana alisema tu atapona.

Kumbe ndo hivyo. Mtindi hauji wenyewe, kuna bakteria wazuri ndo wanaogandisha. Ile dawa ya kwenye tyubu ni antibayotiki, kazi yake kuua bakteria, ikashuka na maziwa, akachanganya ya ng'ombe wawili kwenye sufuria moja, akachemsha, na antibayotiki nyingi hazikimbii moto wa sufuria kwa hiyo ikabaki humo humo, ikawakuta wale wa mtindi ikawamaliza. Nikamuuliza na yale maziwa yaliyogoma ulimwaga? Akasema nimwage wakati watoto wapo, walinywea chai. Siku tatu.

Sasa mnaona. Maziwa angalau yalitoa taarifa. Yai halitoi taarifa, ukilivunja kwenye kikaango linakaa vizuri tu. Paja la kuku nalo halisemi kitu.

Hapa kuna mambo mawili watu wanayachanganya, hata redioni nasikia wanayachanganya. Kuna mabaki ya dawa, hayo ndo ya shemeji yangu, dawa imebaki kwenye maziwa au nyama au yai. Hayo yana siku zake, kwenye lebo imeandikwa baada ya dozi ya mwisho subiri siku kadhaa ndo uchinje au uuze mayai, ukisubiri mwili wa mnyama unaisafisha. Jambo la pili ni bakteria sugu, wale waliokutana na dawa hawakufa. Hawa ni hai, wanazaliana, wanahama banda kwenda jikoni, jikoni kwenda tumboni, na wao huwezi kuwasubiri siku saba ukasema wameisha. Mimi kwa mtazamo wangu hili la pili ndo kubwa na ndo halisemwi, watu wako bize na maneno ya kwamba broila wanachomwa homoni. Broila anakua haraka kwa sababu ya mbegu yake na chakula anachokula, basi, hiyo habari ya homoni tuiache.

Nirudi kwenye kaunta. Kila asubuhi watu wanakuja, naomba ile ya njano. Wote mnaijua ya njano, OTC, yaani oksitetrasaikilini, nayo ni antibayotiki, ukiitia kwenye maji ya kuku yanakuwa rangi ya mkojo. Kuku wana nini? Wamepoa. Wanaharisha? Hapana, wamepoa tu. Au hawajapoa kabisa, mtu ameingiza vifaranga leo, anataka ya kukinga. Namfungia, namwambia kijiko kimoja, anaenda. Sikuwahi kuuliza wako wangapi wala wana uzito gani, sikuuliza jirani yake kuku wamekufa au vipi. Alafu kuna ule mchanganyiko mnaouita vitamini, wenye picha ya kuku amenona, hebu mkifika nyumbani someni kwa nyuma, baadhi yake ndani mna oksitetrasaikilini na neomaisini. Mtu anakwambia mimi kuku wangu sijawahi kuwapa dawa, nawapa vitamini tu. Anawapa antibayotiki wiki nzima bila kujua. Na mimi niliyemuuzia sikumwambia, hapo siwezi kumsingizia mtu.

Alafu tunazipimaje? Pakiti imeandikwa kwa maji kiasi fulani, mtu anaona ni hasara, anaitupa kwenye ndoo ya lita 20 ili itoshe banda zima. Siku ya pili kuku wamechangamka, anaacha, iliyobaki anafunga na raba anahifadhi juu ya kabati la vyombo. Ingekuwa unataka kuwafundisha bakteria namna ya kuizoea dawa usingepata njia nzuri kuliko hiyo, dozi kidogo, siku chache, kila mara.

Maana iko hivi. Kwenye utumbo wa kuku mmoja kuna bakteria ambao hata kuhesabu huwezi, wengi hawana neno. Humo kuna wachache ambao kwa bahati tu vinasaba vyao vimekaa namna ambayo dawa haiwafanyi kitu. Bila dawa wanabanwa na wenzao, wanabaki wachache. Ukitia dawa umewaulia washindani wote, uwanja wao. Na wakipata nafasi nzuri E. koli, bakteria mmojawapo wa humo utumboni, anagawanyika kila dakika 20. Fanyeni hesabu wenyewe, bakteria mmoja saa tatu usiku, ikifika saa kumi alfajiri jogoo wanawika, wameshapita milioni mbili.

Na wana kitu kingine cha hatari, kinaitwa plasmidi, ni kaduara kadogo ka vinasaba ambako bakteria anaweza kunakili akampa mwenzake, hata mwenzake wa aina nyingine kabisa. Kama zamani tulivyokuwa tunarushiana nyimbo kwa blututhi, wimbo unabaki kwako na mwenzako anao. Kwenye plasmidi moja unaweza kukuta usugu wa dawa tatu nne kwa pamoja, kwa hiyo wewe umewapa OTC peke yake lakini umepalilia bakteria ambao hata ampisilini wanaicheka, na ampisilini hukuwahi kuinunua.

Hili sio la kubuni. Mwaka 1976 Marekani, daktari mmoja anaitwa Stuart Levy na wenzake walitoa utafiti walioufanya kwenye shamba la familia jimbo la Massachusetts. Walichukua kuku wakawagawa, kundi moja chakula kina tetrasaikilini, ukoo uleule wa OTC yetu, kundi lingine chakula kitupu. Ndani ya wiki moja tu utumbo wa wale wa dawa ulikuwa umejaa bakteria wasioisikia tetrasaikilini. Sasa sikilizeni, ilipofika miezi mitano sita wakapima choo cha watu wa familia ile, na wao wameanza kuwa nao, wakati hiyo dawa hakuna aliyeimeza. Majirani wasiofuga hawakuwa hivyo. Na wale bakteria walikuwa sugu kwa dawa nyingine pia, sio tetrasaikilini peke yake.

Huyo ni mfugaji wa Marekani. Sisi hapa Uyole banda limeegemea ukuta wa jiko, mtoto anaingia kuokota mayai na kandambili zilezile anakuja nazo mpaka kwenye mkeka, na mimi nimeshaona kwa macho yangu drinka za kuku, vile vyombo vyao vya maji, zinasuguliwa kwenye karo la vyombo, pembeni kuna vikombe vya chai. Kwa hiyo mkisikia usugu msifikirie mteja wa mjini anayekula chipsi kuku Mwanjelwa. Wa kwanza kubeba ni wewe na watoto wako.

Bakteria wenyewe wa kuangalia kwenye chakula kinachotoka kwa mifugo ni hasa salmonela, kampilobakta na baadhi ya E. koli. Kuku anaweza kuwa nao tele na anatembea zake, anakula, anataga, hana dalili. Hapa niweke kando kitu kimoja maana kila nikitaja salmonela mtu ananiambia aa, taifodi. Taifodi inaletwa na salmonela wa aina yake anayekaa kwa binadamu tu, tunaambukizana wenyewe kwa wenyewe kwa choo na maji machafu, kuku hahusiki. Salmonela wa kuku, wa mayai na wa nguruwe ni ndugu zake, wao kwa kawaida wanaleta kuhara, homa na tumbo kusokota, ila kwa mtoto mdogo mwenye malaria au utapiamlo, au mtu mwenye VVU, wanaweza kuingia kwenye damu kabisa. Na damu ikishaingiliwa hapo huchagui, lazima antibayotiki ifanye kazi, na ifanye haraka.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba chakula kichafu kinaumiza watu milioni 600 kwa mwaka na kuua 420,000, katika hao 125,000 ni watoto wa chini ya miaka mitano, na sisi Afrika ndo tunaongoza kwa kuumia ukilinganisha na idadi yetu. Hao ni wa vijidudu vyote na sumu zote, sio sugu peke yake. Upande wa usugu, makadirio ya mwaka 2019 yalisema vifo milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na bakteria wasiosikia dawa. Namba kubwa hivi huwa haziingii kichwani, mimi mwenyewe haziniingii. Kilichoniingia mimi ni karatasi.

Mtaani kwetu kuna kijana, jirani, mtoto wake wa miaka miwili alianza kuharisha na homa. Duka la kwanza wakampa septrini. Siku mbili, duka la pili wakampa amoxilini na flajili juu yake. Mtoto anazidi kulegea, macho yameingia ndani, ndo wakampeleka hospitali, wakatoa damu wakaiotesha maabara kutafuta bakteria. Baada ya siku kadhaa baba yake akaja kwangu na ile karatasi ya majibu maana anajua nina duka. Karatasi imepangwa hivi, kushoto majina ya dawa yameshuka chini kama orodha ya wachezaji, kulia herufi moja moja. Ampisilini R. Septrini R. Kloramfenikoli R. Tetrasaikilini R. Inashuka hivyo R, R, R, mpaka karibu na mwisho ndo kuna S mbili. Yule kijana uso umechangamka, ananiambia afadhali, zimejaa R, R si ndo ruksa?

Nilikaa kimya kidogo. Nikamwambia hapana mdogo wangu, R ni kwamba bakteria amegoma, dawa hiyo haimfanyi kitu. S ndo inayofaa, unazo mbili. Akaikunja ile karatasi polepole akaiweka mfukoni.

Mtoto alipona, alikaa wodini siku 12 anachomwa sindano. Sitaki kuwadanganya, hakuna aliyepima kuku wao wala hakuna anayejua bakteria yule alitokea wapi, inawezekana ni maji, inawezekana ni mtu. Ila banda lao nalijua. Na ile ya njano aliyokuwa ananunua nilimuuzia mimi.

Kisa kingine kimoja cha watu wengine, maana hiki kilifuatiliwa mpaka mwisho. Mwaka 1983 Marekani watu 18 kwenye majimbo manne waliugua salmonela wa aina moja, sugu. Wapelelezi wa magonjwa wakafuata nyuma, wakakuta ni nyama ya kusaga, wakaifuata nyama mpaka kwenye ng'ombe wa jimbo la South Dakota waliokuwa wanalishwa tetrasaikilini wanenepe. Kumi na moja walilazwa. Lakini kilichonishangaza mimi ni hiki, 12 kati ya wale wagonjwa siku moja mbili kabla ya kuharisha walikuwa wanameza dawa za ukoo wa penisilini kwa shida nyingine kabisa, sio tumbo. Yaani salmonela sugu alishakaa tumboni kimya, hana nguvu, mtu akameza vidonge vyake, vikaua bakteria wengine wote vikamwachia uwanja. Kwa hiyo ile tabia ya kikohozi kidogo umeenda duka la dawa umekula amoxilini ina pande mbili, hukutibu mafua, na unaweza ukamwamsha aliyelala.

Kwenye dawa zenyewe mjue tunashare na mifugo, majina ndo yanatuchanganya. OTC na doksi ya binadamu ni ukoo mmoja. Ile enrofloksasini ya maji ya kuku, mnaifupisha enro, ikiingia mwilini sehemu yake inageuka kuwa siprofloksasini yenyewe, ile sipro unayoandikiwa hospitali. Ndo maana Wamarekani mwaka 2005 waliiondoa kwa kuku, kampilobakta wa kwenye nyama ya kuku walikuwa wanaizoea na wagonjwa wakipewa sipro haifui dafu. Na kuna kolistini, hiyo madaktari wanaiweka ya mwisho kabisa wakishaishiwa zote, wakati nchi nyingi wafugaji wameitumia kwa nguruwe na kuku. Mwaka 2015 China walitangaza wameukuta usugu wake umekaa kwenye plasmidi, kwa E. koli wa nguruwe na wa nyama ya sokoni, na kwa wagonjwa pia. Blututhi. Baadaye wakapiga marufuku kuitia kwenye chakula cha mifugo kwa ajili ya kunenepesha.

Jikoni sitakaa sana maana mama zangu mtasema nawafundisha kupika. Ila hili la kuosha kuku kwenye karo maji yakiruka mpaka kwenye sahani zilizokaushwa, tuliache. Na kibao. Kuku amekatwakatwa kwenye kibao, kibao kimefutwa na kitambaa, nyanya na kitunguu cha kachumbari vinafuata palepale. Kuku atachemka, bakteria watakufa, sugu na wasio sugu wote moto unawaua sawasawa, jamani usugu ni wa dawa sio wa moto. Kachumbari ndo haichemki. Na zile chipsi mayai za haraka za usiku pale stendi, yai katikati bado linateleza, mimi siku hizi nasema geuza tena, wanakasirika, wageuze. Kitimoto hivyohivyo, kiive mpaka ndani.

Mbolea nayo. Samadi ya kuku inatoka hapa mbichi kwenye viroba inapelekwa kwenye mchicha na karoti, na najua hata wa nyanya za Ilula wanaitafuta. Mbichi ina bakteria wote niliowataja. Irundike, ifunike, ipate joto lake ikae wiki kadhaa huku unaigeuza, hapo wengi wanakufa. Ukiimwaga mbichi kwenye bustani ya vitu vinavyoliwa vibichi ni kama umerudi kwenye kile kibao.

Hapa mama mmoja mstari wa mbele alininyooshea kidole, akaniuliza kwa hiyo kuku wakiumwa niwaache wafe? Nikamwambia hapana mama, kuku akiumwa ugonjwa wa bakteria atibiwe, tena dozi kamili, siku zote zilizoandikwa hata kama siku ya pili wameshaanza kupigana. Ninachokataa ni dawa ya kupoa na dawa ya kukinga. Mdondo ni kirusi, Gumboro ni kirusi, ndui ni kirusi, ukimwaga OTC debe zima kirusi hakijui hata kama umefika. Mdondo ukishaingia unazika tu. Hizo zina chanjo, na chanjo mnazijua, siku ya 7 Mdondo, ya 14 Gumboro, ya 21 Mdondo tena, tena ya Mdondo ni ya matone. Kuku wakianza kufa na hujui ni nini chukua aliyekufa sasa hivi, sio wa jana, mpeleke kwa mtaalamu ampasue aangalie, maabara ya TVLA, wakala wa serikali wa maabara za mifugo, pale Iringa ipo kwa kazi hiyo. Mnatupa mizoga kwenye korongo alafu mnakuja dukani kuotea.

Akasema Iringa mbali. Kweli ni mbali, sikubishana naye.

Lakini niwaambie kinachoua vifaranga wengi Mbeya hii. Ni baridi. Mwezi wa sita wa saba kifaranga anaingia saa moja usiku kutoka kwenye basi, bruda, sehemu yao ya joto, haijawashwa, wanarundikana kona moja, wa chini wanakosa hewa, wa pembeni wanapoa, asubuhi wameharisha na kinyesi kimewagandia nyuma, mtu anakimbilia ya njano. Washa jiko masaa matatu kabla hawajafika. Ukiona wamerundikana chini ya moto ni baridi, wakikimbilia ukutani ni joto, wakitawanyika na kelele kidogo hapo sawa, wala huhitaji kipimo. Maranda makavu, geuza, toa yaliyolowana chini ya drinka. Wageni wasiingie na viatu vyao. Mimi bandani kwangu nina kuku 200, batchi tatu sasa sijatia antibayotiki ya kinga. Batchi ya kwanza walikufa 19 nikataka kurudi kwenye zamani, mke wangu ndo akaniambia siku ile mkaa uliisha saa nane usiku ukalala. Kweli. Hizo mbili zilizofuata ilikuwa kawaida.

Mfano wa chanjo kushinda dawa upo, tena kwa samaki. Norwe wanafuga samaki wa salmoni baharini, mwaka 1987 walikuwa wanatumia karibu tani 50 za antibayotiki. Wakapata chanjo nzuri, wakawa wanachoma samaki sindano, mmoja mmoja, najua mnacheka ila ndo hivyo. Leo wanazalisha samaki zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka, na antibayotiki haifiki tani moja. Kama samaki anachomwa sindano, sisi kudondoshea kuku tone la jicho tunachoka nini.

Kijana mmoja mwenye koti la bodaboda akauliza swali gumu kuliko yote, kwamba yeye akiacha na jirani asipoacha, sokoni kuna anayejua tofauti? Nikamwambia hamna. Mteja pale sokoni anashika kifua cha kuku anaangalia unene na bei, hakuna atakayekuongezea mia mbili kwa sababu hukutia dawa. Hili serikali ina mpango wake wa taifa wa usugu, ulianza 2017 na umeshaingia awamu ya pili, na kisheria hizi ni dawa za cheti, lakini mnajua na mimi najua jinsi zinavyouzwa. Nilichoweza kumwambia ni kwamba jirani yake halali kwenye nyumba yake, anayelala humo ni mwanae. Sikuona kama ameridhika.

Na mtoto akiharisha, kabla hamjakimbilia vidonge, kuhara kwingi kunaisha bila antibayotiki, maji ya ORS na zinki kwa siku 10 mpaka 14, na aendelee kunyonya na kula. Akitoa damu, au homa kali, au amelegea hawezi kunywa, hapo ni kituo cha afya, sio dukani kwangu.

Nilidhani tumemaliza, watu wanatafuta miavuli, ndo mzee mmoja akasimama. Akavua kofia. Akasema daktari mimi leya wangu, hawa kuku wa mayai, nimewapa enro Alhamisi mpaka leo asubuhi, kwenye kopo imeandikwa nini sijui, miwani sina, na trei tano za siku hizi tatu mwenye mgahawa anazifuata Jumatatu. Kopo lilikuwa kwenye mfuko wa koti, akanipa. Nikasoma kwa sauti kila mtu asikie, maandishi madogo kabisa pembeni, isitumike kwa kuku wanaotaga mayai ya kuliwa na binadamu.

Ukumbi ukawa kimya, mvua tu kwenye bati. Mzee akarudisha kofia kichwani. Akasema sawa, hizo trei nitazifukia, na huyo mwenye mgahawa nitampigia. Ila nyumbani tunaenda wote mimi na wewe, mama watoto utamweleza mwenyewe.